Hiyo 98 ya Kidoleni Isikudanganye

Kuna sauti inazunguka kwenye simu, bila shaka imeshakufikia. Jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa: ukiwa na kale kadude ka kubana kidoleni ka kupimia oksijeni ya damu, huna haja ya kuogopa jiko la mkaa chumbani wala jenereta karibu na dirisha. Ukiamka kichwa kinagonga, bana kidole utazame. Ikisoma asilimia 95 kwenda juu, damu ina oksijeni ya kutosha, rudi ulale. Binamu yangu aliituma kwenye kundi la familia na kuongeza "elimu muhimu hii."

Elimu! Watu watazikwa kwa elimu ya namna hii.

Mkaa, petroli, gesi, chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. (Afadhali moshi, angalau unakukohoza hadi ukimbie.) Ikifika mapafuni inaingia kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kila himoglobini ina viti vinne vya kubebea oksijeni, na huyu mgeni akishakaa, kumtoa ni kazi.

Sasa tukitazame hicho kidude. Kinapitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha kinakadiria kwa kuangalia ni kiasi gani kimefyonzwa. Bahati mbaya, himoglobini iliyobeba kaboni monoksidi huufyonza ule mwanga mwekundu karibu sawasawa na iliyobeba oksijeni. Kidude kinahesabu viti vilivyokaliwa, hakiulizi nani amekaa. Robo nzima ya himoglobini yako inaweza kuwa imeshatekwa, unatapika, miguu haina nguvu, na kioo bado kinakuonyesha 98 iliyotulia.

Na asije mtu hapa kusema "robo tu." Viti vichache vikitekwa, oksijeni iliyokaa kwenye vile vilivyobaki hushikiliwa zaidi, haiachiliwi inavyopaswa inapofika kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana mtu ambaye damu yake imepungua hadi nusu polepole, kwa anemia, anaweza bado kutembea akilalamika uchovu, wakati mwenye nusu ya himoglobini iliyofungwa na kaboni monoksidi yuko hoi. John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uingereza, aliivuta hewa hii makusudi katika miaka ya 1890 huku damu yake ikipimwa, mpaka akashindwa hata kusimama sawasawa. Alijua anachokitafuta. Wewe unatafuta usingizi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kwa mgonjwa wa nimonia kidude hiki kinasaidia sana. Hata kwa sumu nyingine kinatoa fununu. Nitriti (chumvi ya kuhifadhia nyama), anilini (kemikali ya viwanda vya rangi) na baadhi ya dawa za ganzi hubadilisha chuma kilichomo ndani ya himoglobini kikashindwa kushika oksijeni. Hapo kidude mara nyingi huganda karibu na 85, na hakipandi hata mgonjwa akipewa oksijeni. Damu yenyewe inakuwa rangi ya chokoleti. Damu nyeusi ya kawaida ukiidondosha kwenye karatasi nyeupe hupata wekundu ikipigwa na hewa. Hii hubaki kahawia vilevile. Wanaoathirika upesi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi, ambayo mwilini hugeuka kuwa ile nitriti. Na tafadhali, kuchemsha hakuondoi nitrati. Maji yanapungua, nitrati inabaki.

Turudi kwenye mkaa. Usisubiri midomo iwe ya bluu, kwa sababu kwa kaboni monoksidi kwa kawaida haiwi. Tazama haya: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, homa hakuna, na wenzako mliolala nyumba moja wanasema hivyohivyo. Mkitoka nje mnapata nafuu, mkirudi ndani yanaanza tena. Tokeni wote! Hospitalini sema wazi kwamba palikuwa na kitu kinaungua ndani, na uulize kama damu inaweza kupimwa kwa mashine inayotofautisha kaboni monoksidi na oksijeni. Usipolisema hilo, muuguzi naye atakubana kidole, aone 98, akupe dawa ya kichwa.

Kuhusu maziwa, ambayo yule jamaa anayataja mwishoni kama "ya kusafisha damu": yanakwenda tumboni, basi. Dawa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, kaboni monoksidi iliyoshika damu hupungua hadi nusu kwa takriban saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni tupu kwenye barakoa, ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito huwekewa oksijeni muda mrefu zaidi, hata kama yeye mwenyewe anasema amepona, maana damu ya mtoto tumboni huchelewa kuiachia.