Ratili Zimehamia Bafuni Kwangu

Mimi ni raia wa kawaida wa nchi ya kilo. Nyama nanunua kwa kilo, sukari nanunua kwa kilo, na mwezi ukifika pabaya naagiza robo bila kuona haya. Sasa naomba kuelezwa ni kwa kosa gani nyumba yangu imegeuzwa kituo cha kubadilishia ratili.

Chanzo ni dada yangu anayeishi Minnesota, ambaye kwa mapenzi yake alituletea mzani wa bafuni wa kioo, wenye namba nyekundu, usiojua chochote zaidi ya ratili. Chini yake kipo kitufe cha kugeuza vipimo, lakini kimezama ndani na hakisogei hata ukikichokonoa kwa pini. Mke wangu alipoupanda mara ya kwanza akaona 170, alishuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Tangu siku hiyo majirani nao hufika wakiwa wamejifunga kanga, kila mmoja akitaka nimpigie hesabu papo hapo, tena nimpigie kwa huruma.

Kanuni yangu ni kugawanya kwa mbili, kisha kuondoa sehemu moja ya kumi ya jibu. Kwa hiyo 170 inakuwa 85, ukitoa 8.5 unabaki na 76.5, ingawa ukweli ni kilo 77 na kidogo. Mke wangu anaipenda sana kanuni hii kwa ajili ya hiyo nusu kilo inayopotelea njiani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wenye ratili wenyewe, Marekani na Uingereza wakiwamo, walikubaliana mwaka 1959 kuwa ratili moja ni kilo 0.45359237, haizidi wala haipungui. Yaani ratili haijitambui mpaka iulize kwa kilo, halafu mimi ndiye ninayetafutishwa desimali nane mlangoni mwa bafu! Shangazi yangu aliyeko Leicester ndiye kiboko, kwani viazi ananunua kwa kilo, lakini mwili wake anaupima kwa mawe, na jiwe moja ni ratili 14; akitupigia simu kujisifu kwamba amepungua nusu jiwe, inanibidi nipitie ratili saba kwanza ndipo nifike kwenye kilo tatu na ushei, na wakati huo ameshakasirika kwamba sijampongeza.

Mwezi uliopita dada alikuja likizo, na wakati wa kurudi begi lake halikutakiwa kuzidi ratili 50. Zilipobaki tisa, akaamuru zijazwe dagaa. Nikagawanya, nikapunguza, nikapata kilo nne, nikaenda sokoni kifua mbele na kuagiza kilo nne kamili za dagaa wakavu.

Muuzaji alinitazama kwa upole.

“Mzee wangu, hapa tunauza kwa sado.”