Zipu Iliyogoma Saanane

Mimi ni mtu wa Tanga. Nina miaka saba Sengerema, na bado Julai ikiingia nalala na soksi. Wanangu wawili wamezaliwa hukuhuku kwao mama yao. Asubuhi ya Julai wanakimbizana uani na vesti, makamasi yanachuruzika, wala habari hawana. Mimi nikiwatazama tu kupitia dirishani nasikia baridi. Balaa lote lilianzia hapo, kwamba niliwavika watoto baridi yangu.

Tulikuwa tumewaahidi kwenda Mwanza kutembea: wale, wapande boti, waone wanyama kisiwani Saanane, turudi siku hiyohiyo. Mama Watoto alisema hivyo tu, kwa maneno yasiyozidi kumi. Mimi nikaona safari ya jiji na watoto wa miaka sita na minne haiendi bila daftari. Ninalo daftari la safari. Nikafungua ukurasa wa safari yetu ya miaka miwili nyuma, nikabadilisha tarehe, basi, ratiba ikawa tayari. Nilijisifu kwa hilo.

Kisha nikaenda mnadani kutafuta nguo za baridi. Robota lilikuwa limefunguliwa muda uleule, na ndani yake zikatoka ovaroli mbili za theluji, zile za watoto wa Ulaya: suruali, koti na kofia vimeshonwa kitu kimoja, nene kama godoro, zipu moja kutoka kidevuni hadi kinenani. Elfu sita moja. Sikuomba hata kupunguziwa.

"Mayu!" alisema Mama Watoto nilipozitandaza kitandani. "Baba Watoto, hii ni ya mtoto au ya kulalia?"

Nikamweleza habari ya upepo wa ziwani. Akanyamaza. Kunyamaza kwa mke wangu ni kama wingu kule upande wa ziwa: hujui litanyesha saa ngapi, ila litanyesha.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Ndani ya ovaroli watoto walikuwa na vesti na chupi tu, maana nguo nyingine hazikuenea. Dogo hakuweza kukunja kiuno. Tulimsimika kiti cha nyuma mikono imetanuka kama sanamu ya kutishia ndege shambani, na gari ilipokata kona alianguka chali akabaki hivyo, kimya, kama kobe aliyepinduliwa. Dada yake ndiye aliyetoa taarifa.

Tukafika Busisi. Sasa, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni 2025, mwezi mmoja tu kabla ya safari yetu. Nilikuwa najua. Nchi nzima ilikuwa inajua. Ila daftari langu halikujua. Tulivuka kilomita tatu za maji kwa dakika chache, ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, watoto hata hawajamaliza kushangaa.

"Kwenye daftari lako," akauliza Mama Watoto, "sasa hivi tuko wapi?"

Nikawasha taa ya ndani nikasoma. "Tuko kwenye foleni ya kivuko."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa mbili."

Saa 12 na nusu tulikuwa Mwanza mjini, jiji zima linapiga mswaki. Tukaegesha karibu na Jiwe la Bismarck, tukakaa ndani ya gari tukiyatazama yale mawe yaliyopandiana majini. Korongo mmoja, wale wakubwa wenye kipara, akasimama mbele ya gari mabega yamepanda juu. Binti yangu akasema, "Baba, yule naye hana sweta." Nikafarijika. Angalau kulikuwa na mwenzangu mmoja aliyesikia baridi.

Chai, chapati, tukazunguka mjini na gari mara tatu bila sababu, hatimaye tukafika Capri Point kupanda boti. Nahodha alimtazama Dogo kuanzia kofia hadi viatu.

"Baba, huyu mnampeleka Saanane au Ulaya?"

Shida ilikuwa jaketi la kuokolea. Halikufunga juu ya lile godoro. Nahodha akavuta upande mmoja, mimi upande wa pili, tukambana mtoto mpaka macho yakamtoka, likafunga. Tulichokuwa hatujui ni kwamba chini ya jaketi, zipu ilikuwa imekula kitambaa cha ndani, na imekula vizuri.

Kisiwa chenyewe kizuri. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kabisa, lakini ina swala, pimbi, na wale mijusi wa mawe ambao madume yao yana kichwa chekundu na mwili wa buluu. Jua lilikuwa limeshapanda. Mijusi imejilaza juu ya majabali inaota jua, na mwanangu yuko pembeni yake anachemka. Nikamwambia Mama Watoto tumpunguzie nguo. Ndipo Dogo aliposema lile neno:

"Baba, mkojo."

Choo kilikuwepo, tena karibu. Njia ya kumtoa mtu ndani ya nguo ndiyo haikuwepo. Nikavuta zipu chini, haiendi. Juu, haiendi. Mama Watoto akatoa mafuta ya mgando kwenye pochi akaipaka. Zipu haikulainika, mikono yangu ndiyo iliyolainika, ikawa hata kuishika siwezi. Wakaja wanafunzi waliokuwa kwenye ziara, wakatuzunguka. Mmoja akashauri penseli. Mwingine sabuni. Mwingine akauliza kwa upole kama mtoto amezaliwa hivyo. Swala wakaachwa peke yao, hakuna aliyewatazama tena.

Dogo akaanza kuruka mguu mmoja mmoja. Ndani ya ile nguo kuruka kwenyewe hakukuonekana, kilichoonekana ni godoro linatikisika.

"Mkasi," alisema Mama Watoto. Alilisema neno hilo bila kunitazama.

Askari wa hifadhi akaleta mkasi kutoka sanduku la huduma ya kwanza. Tulikata kuanzia shingoni, pamba nyeupe ikafumka, ikapeperuka hadi kwenye majabali, na kwa mara ya kwanza nadhani theluji ikaanguka Saanane. Dogo akachomoka na vesti, akafika kwenye kichaka cha kwanza. Wanafunzi wakapiga makofi.

Saa 9 tukapanda boti kurudi. Na hapo, baada ya mchana mzima wa jua, upepo wa ziwani ukaja. Ukaja kwelikweli: mawimbi yakapiga ubavu wa boti, maji ya baridi yakaturukia, Dogo na vesti yake akaanza kutetemeka meno yanagongana. Mama yake akamfunga kwa kitenge chake. Mimi nikavua shati. Binti, ambaye zipu yake ilifanya kazi siku nzima, akaivuta hadi kidevuni, akavaa kofia, akasema, "Baba, mimi hata sisikii."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: si niliwaambia.

Mama Watoto akageuza shingo, akanitazama. Nikaufunga. Siku ile hiyo ndiyo zipu pekee iliyotii mara moja.