Mwacheni Kinyonga kwenye Tawi Lake

Vijana wawili waliokuwa wakipita njia walinikuta nimechuchumaa chini ya mpera, simu mkononi, wakauliza nimeangusha nini. Nikawaonyesha kinyonga. Mmoja akarudi nyuma hatua tatu. Mwenzake, kwa nia njema kabisa, akalivunja tawi na kuniletea usoni: "Shika, dada, upige vizuri." Mnyama aliyekuwa wa kijani kilichotulia akaanza kuwa mweusi, koo likafura, mdomo ukaachama. Niliomba tawi, nikalisogeza kwenye tawi jingine na kungoja avuke mwenyewe. Sikupiga picha. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa hofu tupu, na sikutaka kuitunza.

Nyumbani kwetu ni Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilayani Muheza. Tunalima iliki chini ya miti mikubwa, mdalasini, karafuu na migomba, na shamba linapoishia ndipo msitu unapoanzia. Msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na hata kabla ya hapo mmoja wao alikuwa amepeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya milima hii. Leo liko madirishani Ulaya na Marekani, likiwa na jina la ukoo wa Mjerumani huyo, Saintpaulia.

Kwa kinyonga mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mwaka 2006 wataalamu walipotenga jenasi mpya, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ya vinyonga wa Afrika Mashariki, waliiita Kinyongia, kutokana na neno letu lenyewe. Huyu wa kwetu, ambaye dume lake lina pembe mbili bapa zinazotokeza mbele ya pua, ni Kinyongia matschiei: jina la kwanza la Kiswahili, la pili la Mjerumani. Nilipolijua hilo nilifurahi siku nzima. Kisha nikahuzunika, maana wenye neno ndio tunaomrushia mawe tukimwona barabarani.

Ninachotaka kusema ni kwamba picha za wanyama hawa tuzipige sisi tunaokaa nao, na tuzipige bila kuwagusa. Mgeni ana siku mbili. Anataka kila kitu kabla gari halijaondoka, ndiyo maana anaomba kinyonga ashushwe, awekwe kwenye jani zuri, ageuzwe upande wa jua. Mimi nina asubuhi zote. Kama leo kuna ukungu, nitarudi kesho, na kesho nitakuwa nimejua kitu ambacho jana sikukijua.

Kukaa karibu kunafundisha. Usiku kinyonga hupauka, akalala kwenye ncha ya kijiti chembamba kabisa. Ukipitisha tochi kwenye vichaka vya ukingo wa shamba, unamwona kama jani jeupe katikati ya weusi. Wengi huona ajabu kwamba hajifichi katikati ya mti. Lakini nyoka akimfuata huko nchani, kijiti kinatikisika na mwenyewe anaamka. Sasa fikiria mtu anayevuta kijiti hicho ili apate picha: kwa mnyama, hiyo ni ishara ya nyoka. Mimi humulika mara moja kwa mbali, nikaukumbuka mti, nikarudi alfajiri kabla hajaanza kutembea. Mwanga wa saa hiyo ni laini, simu ya kawaida inautosha, na anapopata joto unaona rangi zikirudi ubavuni polepole. Rangi hizo, kwa sehemu kubwa, ni lugha: dume akikutana na dume, au jike akimkataa dume, huzungumza kwa ngozi.

Hondohondo anadai subira nyingine. Unamsikia kabla hujamwona, mabawa yakivuma juu ya miti kama mtu anayekung'uta mkeka. Jike huingia kwenye pango la mti na mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mdogo. Humo ndani hutaga, huatamia na kukaa na kinda, na muda wote huo dume ndiye anayeleta matunda, akiyacheua moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Ukijisimamisha chini ya mti huo na kamera, dume linaruka pembeni na kungoja. Ukikaa saa mbili, umewanyima chakula wasioweza kutoka. Najua mti mmoja wenye kiota. Naupiga kutoka ng'ambo ya bonde, ndege anaonekana kama doa, na nimeridhika na doa hilo.

Najua jirani zangu watasema ni rahisi kuwapenda wanyama kama hukupoteza mahindi. Kima wamewahi kumaliza mstari mzima wa mahindi yetu asubuhi moja, na siwezi kumwambia mtu mwenye watoto asiwafukuze. Afukuze. Lakini picha zimenisaidia kutofautisha. Mbega alikuwa akilaumiwa pamoja na kima, hadi nilipokaa wiki kadhaa nikimtazama: mara nyingi alikuwa juu, akitafuna majani. Nilipoikuza picha moja kwenye simu, mama yangu ndiye aliyegundua kwamba mkono wake hauna kidole gumba. Miaka yote alikuwa juu ya paa letu, na hatukuwahi kumtazama mkono.

Jambo moja nalisisitiza kwa wanaoanza: msitaje mti. Vinyonga wa milima hii hutafutwa na wanaofuga wanyama wa ajabu nje ya nchi, na ingawa serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, picha yenye jina la kitongoji bado inaweza kumwelekeza mtu mwenye mfuko. Simu nyingine huhifadhi mahali pa picha bila kukuuliza. Nendeni kwenye mipangilio ya kamera, mzime hicho kitu leo.

Yule kijana aliyevunja tawi alirudi wiki iliyofuata, safari hii peke yake, usiku, akiomba nimwonyeshe kinyonga alipolala. Nilimpa tochi, nikamwambia amtafute mwenyewe. Alizunguka kichaka karibu nusu saa. Alipompata hakuniita. Nilimkuta ameishusha tochi chini, mkono mwingine ameuweka nyuma ya mgongo, anapumua kwa pua ili kijiti kisitikisike.