Mtoto akisimama dede, anashikwa na macho au miguu?

Uani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kuna ubishi wiki nzima haujaisha. Mtoto wa dada yangu ana miezi 13, ndo kwanza anasimama dede, juzi kasimama vizuri tu karibu na kamba ya nguo, upepo wa bahari ukalijaza shuka likamjia usoni bila hata kumgusa, akakaa chini pwaa. Bibi akasema kijicho cha watu. Dada akasema miguu haijakaza, anunuliwe woka, kile kiti cha magurudumu cha kumfundisha mtoto kutembea.

Mi nasema macho. Mwaka 1974 David Lee na Eric Aronson walitoa utafiti wao, walikuwa na kijumba ambacho kuta zinasogezwa ila sakafu haitikisiki, wakawasimamisha watoto wa umri huu huu. Ukuta ukimjia mtoto anaangukia nyuma, ukimkimbia anaangukia mbele! Sababu yake ni kwamba ukiinama mbele vitu vinakukaribia, sasa mtoto akiona ukuta unakuja anadhani yeye ndo anadondoka, anajivuta nyuma ajiokoe, na kule kujiokoa ndo kunamwangusha. Yaani miguu ilitii vizuri tu, ila iliambiwa uongo.

Lakini dada naye ana pointi. Watoto wasioona mbona wanasimama na kutembea, japo wengi wanachelewa? Maana yake nyayo, vifundo, misuli na ile mizani ya ndani ya sikio vinapeleka taarifa zao. Na mtu mzima ukimtia kwenye kijumba kile anayumba kidogo tu, haanguki, kwa sababu keshazoea kusikiliza miguu yake pale macho yanapomdanganya. Mtoto bado anaamini macho kuliko mwili.

Ndo maana hiyo woka siiafiki. Uzito unabebwa na kiti, vidole vinasukuma sakafu tu, kimeza cha mbele kinamziba hata nyayo zake hazioni, sasa macho na miguu vitajuana saa ngapi? (Kanada waliipiga marufuku 2004, ingawa wao ilikuwa kwa ajili ya watoto kuumia.) Mkekani anaanguka mara mia ila kila anguko ni lake.

Shuka moja si kuta nne, hilo nakubali. Kamba tumeihamishia upande wa pili, na leo asubuhi kaanguka tena, upepo hakuna, shuka hakuna, alikuwa anaangalia kuku. Dada kanitazama tu.