Fumbo la Majivuno na maji ya afisa

Juzi barazani hapa Ngamiani, Tanga, tumebishana mpaka kahawa ikapoa, eti mwandishi wa riwaya akitaka kuwasema wala rushwa atumie fumbo au aseme wazi. Wazee wote wako na Shaaban Robert, wa kwetu yule, kaburi lake si liko hapo Machui, na mfano wao ni Kusadikika ya 1951, nchi inaelea hewani, waziri anaitwa Majivuno, mshtakiwa Karama, yaani jina tu lishakwambia nani ni nani. Karama anahesabu wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema wakarudi wakatupwa jela, na hakuna mahali Mwingereza katajwa ila ukisoma unaelewa. Mtu alikuwa karani wa serikali ya mkoloni miaka na miaka, mlitaka ataje majina? Halafu fumbo halichuji, kila utawala unaokuja watu wanamtafuta Majivuno wake.

Hapo sibishi. Ila rushwa yenyewe ndo bingwa wa mafumbo, hakuna anayesema nipe rushwa, utasikia chai, soda, vocha, kitu kidogo. Hata sheria ya uchaguzi mwaka 2000 iliruhusu takrima, jina tamu hilo, ukarimu kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006. Sasa mwandishi naye akileta fumbo juu ya fumbo si anamfichia mwizi?

Ndo maana mi nikamtaja Profesa Chachage, yeye kasema wazi, riwaya yake Makuadi wa Soko Huria, 2002. Kuadi! Tusi lile kaliweka juu ya jalada kabisa. Ila tuseme kweli, kuna kurasa mle unasahau kama ni riwaya, unamwona profesa yuko darasani anakufundisha uchumi, na wazee waliponibana hapo nikanywa kahawa yangu ya baridi kimya.

Kwangu mimi bora mwandishi mwenye sikio, aichukue lugha ya ofisini ilivyo aiweke mdomoni mwa mhusika, asifafanue. Mwaka jana nimefuata karatasi yangu ofisi fulani, afisa kalifungua faili, kalifunga, kaangalia feni, "joto la Tanga hili kaka, tangu asubuhi hata maji hatujanywa." Mi mshamba nikatoka mbio nikanunua chupa mbili za baridi nikamletea. Faili langu likakaa wiki tatu.