Kazi imeandikwa R, wewe umeangalia nini zaidi ya hiyo R?

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe ili nikianza kuwasema wengine msinirushie mawe. Kuna Ijumaa moja nilituma kazi kwenye klasta tunayotumia pale ofisini, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa, kila moja tunaiita nodi, nikaomba kori 16 (zile sehemu za prosesa zinazopiga hesabu), ramu giga 128, muda siku tatu, afu nikafunga laptopu nikawahi meli ya Nansio maana Ukerewe kulikuwa na harusi ya ndugu. Kwenye meli kila netiweki ikishika naingia kwa simu, naandika squeue, amri ya kuonyesha foleni ya kazi, naona ile herufi R, yaani running, kazi inaendelea, roho inatulia. Jumamosi R. Jumapili tunakula sato wa kuchoma bado R, hadi nikamtambia binamu yangu kwamba hapa nilipo nakula na kompyuta huko mjini inanipigia kazi, akaniangalia tu akaongeza pilipili.

Jumatatu kazi imeisha. Naandika sacct, amri ya kuonyesha kumbukumbu za kazi, naona muda uliopita ni saa 62, naona na TotalCPU, yaani jumla ya muda ambao kori zilipiga kazi kweli, ni saa 61 na dakika kadhaa, nikasema aisee safi, imechapa kazi wikendi nzima. Dada admini, yule anayesimamia klasta, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, uliomba kori ngapi?" Kumi na sita. "Sasa zidisha."

Nikazidisha. Kori 16 kwa saa 62 ni saa 992. Nimetumia 61. Asilimia sita na ushee, jamani. Kori moja ilifanya kazi, nyingine kumi na tano zilikaa pale kama abiria wa daladala ya Igoma aliyerusha begi dirishani kushika siti afu mwenyewe kashuka kununua mahindi. Na muda wote huo kuna kijana wa masta kazi yake imeandikwa PD, yaani inasubiri, sababu Resources, yaani nafasi hakuna, yuko geto kwake Nyegezi anasubiri mimi nimalize kutotumia kitu.

Kosa lilikuwa la kijinga na ni la kawaida sana: nilidhani ukiomba kori 16 programu yenyewe inajua igawane kazi. Haijui. Kama skripti yako imeandikwa kwenda mstari kwa mstari itakwenda mstari kwa mstari hata ukiipa kori 200. Ni sawa na kupanga vibarua 16 pale mwaloni Kirumba afu gunia la dagaa ni moja, anabeba mmoja, na wote jioni wanadai hela. Slurm, ile programu inayopanga kazi kwenye klasta, nayo inahesabu ulichokishika, haiulizi ulikitumia vipi. Na ningeigundua dakika ya tano tu baada ya kutuma, kabla hata sijafika bandarini, kama ningeangalia kitu kingine zaidi ya R.

Hapa ndo penye hoja yangu. R inakwambia umepewa nafasi, basi. Haikwambii unaitumiaje, na mtu anayeitazama R akasema kazi inakwenda hajatazama chochote.

Nina mjomba wangu Igombe anavua. Niliwahi kumuuliza tofauti ya sangara na dagaa akaniambia sangara unatega nyavu jioni unarudi kulala, asubuhi unakuta ulichokuta, na siku nyingine unakuta hata nyavu zenyewe wamebeba. Dagaa hapana. Dagaa unakaa na taa, unachungulia maji chini ya taa, hawajakusanyika unasogea, na mbalamwezi ikiwa kali hata hutoki. Sisi wengi tunaendesha kazi za klasta kwa staili ya sangara.

Sasa niwaeleze tunachofanya, maana bila hilo namba hazina maana. Tunafuatilia magugumaji ziwani kwa picha za setelaiti, zile za Sentinel-2, kila picha ni vipande vya kilomita 110 kwa 110, na kwenye bendi za mita 10, yaani aina za mwanga ambazo pikseli moja ni mita 10 ardhini, kipande kimoja ni pikseli 10,980 kwa 10,980. Piga hesabu, ni kama pikseli milioni 120 kwa bendi moja. Bila kubanwa kila pikseli inakula baiti 2 kwa hiyo bendi ni megabaiti 241 hivi, unaona ndogo tu. Lakini ukiifungua ukaigeuza kuwa desimali za biti 64, kila pikseli inakula baiti 8, bendi moja inavimba hadi karibu giga nzima. Na ili upate kile kipimo cha ukijani unahitaji bendi nyekundu, bendi ya infraredi, tofauti yao, jumla yao, na jibu. Vitu vitano, giga moja moja, vyote viko kwenye ramu kwa wakati mmoja. Karibu giga 5 kwa kipande kimoja.

Mimi nilikuwa sijui hesabu hii, ndo maana awali niliomba 128, niwe salama. Baada ya aibu ya Jumatatu nikaruka upande wa pili, nikaomba giga 4, najiona mstaarabu. Kazi ikafa hata dakika tatu hazijaisha, OUT_OF_MEMORY, yaani ramu imeisha. Kernel, ile kiini cha mfumo wa kompyuta, haina mjadala, ukizidi mpaka uliouomba mwenyewe inakukata.

Ndipo dada admini akanikalisha chini. Tuma kipande kimoja tu, akasema, usitume vyote. Kikiwa kinaendelea andika sstat, amri ya kupima kazi inayoendelea, weka namba ya kazi na .batch mwishoni (bila hiyo .batch mara nyingi unapata jedwali tupu, nilihangaika nalo nusu saa), angalia MaxRSS, yaani kiwango cha juu cha ramu ambacho kazi imeshika. Ikanipa 5038412K. Gawa kwa 1024 mara mbili, giga 4.8. Yaani jibu lilikuwepo siku zote, lilikuwa linasubiri mtu aulize. Akanionya jambo moja tu ambalo wengi hatulijui, kwamba Slurm isipobadilishwa mipangilio inachungulia kila sekunde 30, kwa hiyo kazi inaweza kuvimba na kunywea katikati ya machungulio mawili na MaxRSS isiseme kitu, ndo maana unaongeza akiba kidogo juu ya namba unayoiona, usiombe kamili kamili. Na seff, amri ya kukupa asilimia ya ulichotumia kati ya ulichoomba, iache mpaka kazi iishe, ukiiita kazi ikiwa bado inaendelea asilimia zake hazieleweki.

Afu kuna hii ya top, amri ya kuonyesha programu zinazoendeshwa kwenye kompyuta uliyopo. Mwanangu, usicheke, nilishawahi kukaa naangalia top muda mrefu tu nashangaa kwa nini prosesi yangu siioni. Nilikuwa kwenye seva ya kuingilia! Kazi iko nodi nyingine kabisa, mimi nimekaa getini nachungulia kama kuna mtu sebuleni. Ukitaka kuiona unaingia kwenye nodi yenyewe, kwetu tunatumia srun na namba ya kazi pamoja na --overlap, afu unafungua htop, ndugu yake top, kule.

Na htop ndo iliyoniokoa mara ya tatu, maana safari hiyo kori zimegawanywa vizuri, ramu inatosha, lakini CPU inacheza asilimia 8. Namba tu isingenisaidia. Nikaangalia ile safu ya hali nikaona prosesi zangu zote zimeandikwa D, yaani zinasubiri diski. Kumbe sote tulikuwa tunasoma picha kutoka stoo moja ya netiweki, watu wote mlango mmoja. Nikabadilisha skripti inakili kwanza picha kwenda diski ya nodi, ndo ianze kazi. CPU ikapanda hapo hapo. Kuongeza kori kungezidisha foleni pale mlangoni, na nawajua watu wawili ofisini kwetu ambao hilo ndilo wangefanya.

Wenye kadi za grafiki nao wasijione wamepona. Unafungua nvidia-smi, amri ya kuonyesha hali ya kadi, unaona asilimia 100 unapiga picha unaweka steitasi. Ile namba inasema tu kwamba muda wote uliopimwa kulikuwa na kitu kinaendeshwa kwenye kadi, hata kama kitu chenyewe ni kidogo na sehemu kubwa ya kadi imelala. Angalia na umeme inaovuta, angalia na memori yake, ndo utapata picha.

Najua kuna watakaosema hiyo yote ni kazi ya admini. Nimeisikia sana. Admini anaona nodi imeshikwa, yeye atajuaje kwamba programu yako ilitakiwa itumie kori 16 na si moja? Wewe ndo unajua kazi yako. Na wengine watasema huko nje kuna klasta zenye maelfu ya nodi hawahangaiki na mambo haya, sawa, sisi tunazo sita. Sita! Mtu mmoja akikalia nodi wikendi nzima ni moja ya sita ya kila kitu tulichonacho, na umeme ukikatika Jumapili usiku hata hicho alichokalia kimepotea.

Ila msinielewe vibaya mkaenda kuweka squeue ijirudie kila sekunde moja kwenye skrini, hilo nalo ni ugonjwa, kila mkiuliza mnaigonga seva ile ile inayopanga kazi za wote, ikielemewa hata kutuma kazi kunakwama. Tazama dakika za mwanzo, tazama tena baadaye kidogo, kanywe chai. Na muda nao omba ule wa kweli, kazi ya saa mbili ukiiombea siku tatu haiwezi kupenyezwa kwenye vinafasi vidogo vinavyobaki kati ya kazi kubwa, unajichelewesha mwenyewe afu unalalamika foleni.

Wiki iliyopita nimebadilisha zile desimali kutoka biti 64 kwenda 32, matumizi yakashuka hadi giga 2.5 kwa kipande, nikaendesha vipande vinne kwa pamoja, nikatuma ombi langu: kori 4, giga 12, masaa sita. Haikupita hata dakika moja simu ikalia, meseji ya dada admini.

"Kaka, unaumwa?"