Majogoo wasiofika bandani

Fungua boksi la vifaranga mia wa kuku wa mayai ulilolipokea Dar es Salaam: mitetea watupu. Na yai halichagui. Katika kila vifaranga mia wanaototolewa, karibu nusu ni majogoo. Wako wapi?

Kwa kuku wa kahawia wanaofugwa sana, kuwatenga ni kazi ya macho. Siku ya 21 mtetea hutoka na manyoya ya kahawia, jogoo hutoka mweupe wa kuelekea njano. Huyu wa pili ni hasara tangu anapopasua ganda. Hatagi, na nyama haweki: broila, kuku wa nyama, huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, ilhali jogoo wa ukoo wa mayai anaweza kula miezi minne na kifua kikabaki mfupa. Ndiyo maana kwenye viwanda vikubwa duniani huuawa siku hiyohiyo, kwa gesi au mashine ya kusaga. Makadirio yanayotajwa sana ni kama bilioni 7 kwa mwaka.

Mwaka 2017 Tanzania ilipochoma vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya, kelele zilipigwa pande zote mbili za mpaka, na zilikuwa halali. Hawa wa siku zote hawapigiwi kelele kwa kuwa hawauawi hadharani.

Ujerumani ilipiga marufuku kuwaua majogoo hawa kuanzia Januari 2022. Sawa, lakini huko wana mashine za kutambua jinsia yai likiwa bado halijaanguliwa, na gharama huishia kwenye bei ya yai. Hapa trei ikipanda kidogo tu, muuza chipsi mayai analalamika kabla ya mteja wake. Marufuku ya kunakili siiungi mkono. Ninachodai ni kifo cha haraka. Kuwarundika kwenye gunia mpaka wakose hewa ni ukatili usiookoa hata shilingi.

Wapo wanaosema jogoo auzwe bei ya kutupa. Inasikika kama huruma. Ila kifaranga wa bei ya kutupa hununuliwa na mtu asiye na bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, usiku wa kwanza wa baridi wanajazana kona moja na kukanyagana. Mwenye eneo Chanika na mabaki ya jikoni anaweza kufaidi. Mwenye chumba na ukumbi Tandale, sidhani.

Chotara kama Kuroiler na Sasso, wanaofugwa kwa mayai na nyama pia, wanakwepa tatizo: huuzwa mchanganyiko, majogoo wakasubiri Idi au Krismasi. Lakini kuku wa mayai hutaga karibu 300 kwa mwaka, chotara kama nusu yake, na chakula ni kilekile cha mfuko. Anayeishi kwa kuuza trei hawezi kuhama.

Nilipomuuliza wakala aliyepokea oda yangu ya mitetea majogoo wanakwenda wapi, alidhani nawataka. Akaniambia boksi zima ningepewa bure, nauli tu juu yangu.